Kufundishwa na Kutunzwa: Vikundi vya Msaada na Warsha za Afya za Wanaume Wapendao Wanaume Wenzao huko Marekani na Uingereza

Utangulizi

Katika masomo ya uchungaji tumezoea kutenganisha kazi mbili: kumfundisha mtu na kumtunza. Kazi ya kwanza hufanyika darasani au mimbarini. Ya pili hufanyika kando ya kitanda cha mgonjwa, katika nyumba ya msiba, au faraghani mbele ya mchungaji. Makala haya yanakusudia kueleza mahali ambapo kazi hizo mbili ziliunganishwa kwa sababu watu walikuwa wakifa, na ambapo matokeo yake yamepimwa kwa hesabu. Mahali hapo ni vikundi vya wanaume wapendao wanaume wenzao katika miji ya Marekani na Uingereza, tangu Ukimwi ulipotokea hadi siku zetu hizi.

Yafaa tuseme mambo mawili mapema. Kwanza, juu ya maneno. Lugha yetu inayo majina kadhaa ya watu hawa, na mengi ya hayo hutumika kwa kutukana. Tumechagua kuwataja kwa maelezo ya kawaida, kwa kuwa jina la matusi humfumba msomaji macho kabla hajaanza kusoma. Pili, msimamo wa KKKT kuhusu ndoa za watu wa jinsia moja ulitolewa katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, nao si mada yetu hapa. Swali letu ni moja tu: mtu wa namna hii anapojiunga na kikundi cha msaada na warsha ya afya, hukutana na nini huko, na kwa nini jambo hilo laweza kuyaokoa maisha yake?

1. Watu kabla ya dawa

Tarehe 5 Juni 1981 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uzuiaji wa magonjwa ilichapa taarifa fupi juu ya vijana watano wa Los Angeles waliopata aina ya kichomi ambayo kwa kawaida haiwapati watu wenye kinga nzuri ya mwili. Wote watano walikuwa wanaume wapendao wanaume wenzao. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki taarifa ilipotoka. Virusi vinavyosababisha ugonjwa huo vilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na kipimo cha damu kilianza kutumika Marekani mwaka 1985. Kwa muda wa miaka minne, basi, hapakuwa na kipimo wala dawa. Kilichokuwapo ni hofu na uvumi.

Katika hali hiyo watu walianza na kile walichokuwa nacho, yaani wao wenyewe. Mwezi Agosti 1981 wanaume wapatao 80 walikusanyika nyumbani kwa mwandishi Larry Kramer mjini New York, wakamsikiliza daktari, wakachanga fedha kwa ajili ya utafiti. Mwezi Januari 1982 mkutano huo ulizaa shirika lililoitwa Gay Men's Health Crisis. Moja ya huduma zake za kwanza ilikuwa simu. Rodger McFarlane, mmoja wa waliojitolea, aliiweka nyumbani kwake, na usiku wa kwanza ilipokea miito zaidi ya 100. Idadi hiyo inatuonyesha ni watu wangapi waliokuwa na swali na hawakuwa na pa kulipeleka.

Baada ya simu wakaja wahudumu wa kujitolea. Mhudumu alikabidhiwa mgonjwa, amnunulie chakula, amfulie nguo, amsindikize hospitalini, akae naye. Tukumbuke kwamba siku zile katika hospitali kadhaa sahani ya mgonjwa wa Ukimwi iliachwa mlangoni, kwa kuwa waliopaswa kuiingiza waliogopa. Huko San Francisco, shirika la Shanti, ambalo Charles Garfield alilianzisha mwaka 1974 kwa ajili ya watu walio karibu na kufa, lilipeleka washauri wake katika wodi 5B ya hospitali ya San Francisco General. Wodi hiyo ilifunguliwa mwezi Julai 1983 kwa ajili ya wagonjwa wa Ukimwi, na wauguzi wake waliwashika wagonjwa mikono.

Mafundisho nayo yalitoka kwa wagonjwa. Mwaka 1983 wanaume wawili waliokuwa wagonjwa, Michael Callen na Richard Berkowitz, wakisaidiwa na daktari Joseph Sonnabend, walitoa kijitabu kilichowafundisha wenzao kutumia kondomu. Mwezi Juni mwaka huo huo watu wenye Ukimwi waliokutana mjini Denver walitangaza kwamba hawataki kuitwa wahanga, na kwamba wanataka kushiriki katika maamuzi yote yanayowahusu. Sisi nasi tumepita katika njia hiyo kwa lugha yetu wenyewe, tulipoacha kusema "waathirika" na kuanza kusema "watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi."

2. Mazungumzo yaliyogeuka kuwa kinga

Mwaka 1984 watafiti wa San Francisco walikabiliwa na fumbo. Wanaume wengi wa mji huo walikuwa wamekwisha kusikia habari za hatari, lakini si wote waliokuwa wamebadili mwenendo. Ili kujua sababu, watafiti waliwaita wanaume katika vikundi vidogo vya mazungumzo. Nia yao ilikuwa kukusanya maoni tu. Lakini waliona jambo wasilolitazamia: mazungumzo yenyewe yaliwagusa walioshiriki. Mtu aliyekuwa akijiona yuko peke yake katika hofu yake alisikia wenzake wakiikiri hofu ile ile. Aliyedhani kwamba hakuna mtu anayetumia kondomu alisikia kwamba wengine wameanza.

Kutokana na ugunduzi huo ulizaliwa mradi wa STOP AIDS. Wahudumu wake walisimama barabarani, wakawaalika wanaume kuhudhuria mkutano wa jioni moja katika nyumba ya mtu. Msomaji wa Kilutheri hatashindwa kuuelewa mpango huo, kwa sababu unafanana kwa umbo na ibada zetu za nyumba kwa nyumba: watu wachache, sebule moja, kila mmoja ana nafasi ya kusema, na mwisho kila mmoja huulizwa atafanya nini baada ya hapo. Katikati ya miaka ya 1980 maambukizo mapya yalipungua sana katika mji ule, na kisonono cha njia ya haja kubwa miongoni mwa wanaume kilishuka pia. Hatuwezi kusema kwamba mradi mmoja ndio ulioleta badiliko hilo lote, maana vifo vyenyewe vilikuwa vikihubiri. Lakini waliofanya kazi hiyo waliona kwamba habari ile ile ikipita katika kinywa cha mwenzako huingia mahali ambapo tangazo la ukutani haliingii.

Mradi ulisimamishwa mwaka 1987, kwa kuwa ilionekana umetimiza kazi yake. Mwaka 1990 ulilazimika kuanza tena. Vijana wapya walikuwa wamekua, ambao hawakuketi katika sebule zile. Hapa tunajifunza kwamba badiliko la namna hii halirithiwi kama shamba. Kila kizazi lazima kialikwe upya.

3. Mambo yanayotendeka ndani ya warsha

Watu wengi wanaosikia neno "warsha" pamoja na maneno "wanaume wapendao wanaume" hudhani mambo ambayo hayapo. Kwa hiyo tueleze kwa mifano iliyochunguzwa na kuandikwa.

Mfano wa kwanza ni wa Biloxi, mji mdogo wa jimbo la Mississippi. Jeffrey Kelly na wenzake waliwaomba wahudumu wa baa wawataje wanaume ambao wenzao huwapenda na kuwasikiliza. Waliotajwa walifundishwa kwa majuma manne habari za maambukizo na namna ya kuzungumza juu yake bila kuhubiri. Kisha walirudi kwa rafiki zao na kuzungumza nao katika maongezi ya kawaida. Taarifa iliyochapwa mwaka 1991 ilionyesha kwamba wanaume waliojamiiana kwa njia ya haja kubwa bila kondomu walipungua kutoka asilimia 36.9 hadi 27.5.

Mfano wa pili ni wa Eugene, katika jimbo la Oregon, ambako Susan Kegeles, Robert Hays na Thomas Coates walisaidia kuanzisha mradi wa vijana wa miaka 18 hadi 29. Msingi wake ulikuwa kikundi kidogo cha vijana wenyewe kilichoamua shughuli zote. Walifanya matembezi, dansi na maonyesho ya filamu. Ndani ya maisha hayo ya pamoja waliweka mkutano wa saa tatu wa watu wanane hadi kumi. Katika mkutano huo vijana walizungumza kwanza juu ya mambo yanayomfanya mtu aache tahadhari: ulevi, kumwogopa mpenzi asije akaondoka, kudhani kwamba mtu mwenye sura nzuri hana ugonjwa. Walisahihisha mambo waliyoyaelewa vibaya. Walijizoeza kuvaa kondomu inavyotakiwa. Waliigiza mazungumzo magumu, mmoja akisisitiza na mwingine akijifunza kusema hapana bila kugombana. Mwishoni kila mmoja alipewa kondomu za kuwapa rafiki zake, na kuombwa azungumze nao. Taarifa ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba vijana waliojamiiana kwa njia ya haja kubwa bila kinga walipungua kutoka asilimia 41 hadi 30.

Mfano wa tatu unahusu wanaume weusi wa Marekani, nao huitwa Many Men, Many Voices, yaani wanaume wengi, sauti nyingi. Una vipindi saba, na katika uchunguzi uliofanyika New York miaka ya 2005 na 2006 vipindi hivyo viliendeshwa katika mapumziko ya mwisho wa juma mbali na mji. Mafundisho hayaanzi na virusi. Huanza na maisha ya mtu anayedharauliwa mara mbili: na wazungu kwa sababu ya rangi yake, na watu wa nyumbani kwake kwa sababu ya upendo wake. Familia na kanisa huzungumzwa pia, kwa maana wengi wao walilelewa humo. Ndipo huja habari za magonjwa, vipimo na mazungumzo kati ya wapenzi. Mpango huo una hekima yake. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba maisha yake hayana thamani, utamwambiaje ayalinde?

4. Warsha ikisimama peke yake

Hata hivyo tusiseme kwamba kila warsha husaidia. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapa uchunguzi uliofanywa katika kliniki moja ya London. Wanaume 343 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata ushauri wa kawaida wa kliniki, na sehemu yao waliongezewa warsha ya siku moja iliyotayarishwa kwa uangalifu na wataalamu. Walipofuatiliwa baadaye, miongoni mwa walioalikwa kwenye warsha asilimia 31 walikutwa na ambukizo jipya la zinaa, lakini miongoni mwa wale wengine walikuwa asilimia 21. Watafiti walionya kwamba hata mpango uliotengenezwa vema usidhaniwe kuwa na faida mpaka upimwe.

Matokeo hayo ni ya kunyenyekesha, na mwalimu yeyote hana budi kuyatafakari. Uchunguzi wenyewe hauthibitishi sababu. Lakini tukiuweka kando ya ule wa Eugene twaona tofauti moja iliyo wazi. Kule Eugene mkutano wa saa tatu ulikuwa mlango wa kuingia katika maisha ya pamoja. Aliyetoka humo alikutana na watu wale wale katika matembezi ya Jumamosi, nao walijua alichoahidi. Warsha ya London ilikuwa siku moja, na baada ya siku hiyo kila mtu alirudi katika maisha yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mafundisho huhitaji jumuiya ya kuyabeba, la sivyo huwa kama mbegu iliyomwagwa juu ya sakafu. Jumuiya nayo huhitaji mafundisho, la sivyo watu wataliwazana huku wakiambukizana.

5. Hali baada ya dawa kupatikana

Tangu mwaka 1996, mseto wa dawa za kupunguza makali ya virusi umegeuza Ukimwi kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kudumu unaoweza kutunzwa. Mwezi Julai 2012 Marekani iliidhinisha kidonge ambacho mtu asiye na virusi hukitumia ili asiambukizwe. Kikitumiwa inavyoagizwa hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa kujamiiana kwa takriban asilimia 99. Mwaka 2025 nchi hiyo iliidhinisha sindano ya kinga inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Tena, uchunguzi uliochapwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet uliwafuatilia wanaume wa Ulaya walioishi wawili wawili, jozi 782, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Walijamiiana zaidi ya mara 76,000 bila kondomu, lakini kwa kuwa mwenye virusi alitumia dawa mpaka virusi vikashuka mno katika damu yake, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake.

Kwa hiyo warsha za leo hufundisha mambo mengi kuliko kondomu: kupima mara kwa mara, dawa za kinga, chanjo ya homa ya ini, na kaswende na kisonono ambavyo vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi havivizuii. Je, dawa zimeviondolea vikundi kazi yake? Jibu lilionekana mwaka 2022, ugonjwa wa mpox ulipoenea miongoni mwa wanaume wapendao wanaume wenzao katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mashirika yao yalitoa maelezo ya wazi na kuwahimiza watu wapate chanjo. Katika uchunguzi uliofanyika Marekani mwezi Agosti mwaka huo, karibu nusu ya wanaume walioulizwa walisema wamepunguza idadi ya watu wanaojamiiana nao. Wagonjwa walipungua baadaye. Watu waliojengeana imani kwa miaka arobaini walikuwa na njia ya kupashana habari wakati hatari mpya ilipobisha hodi.

6. Mambo yanayomhusu mchungaji

Huenda msomaji akauliza habari hizi za mbali zinatuhusu nini. Tunajibu kwanza kwamba kanuni yenyewe si ngeni katika Afrika Mashariki. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake, ambao wengi wao walikuwa na virusi. Walianza kwa kukutana, kusaliana, kufarijiana na kupashana maarifa. Watu hao hawakuwa wa kundi tunaloliandikia hapa, lakini walifikia jambo lile lile: aliye katika shida ndiye mwalimu wa kwanza wa mwenzake.

Pili, washarika wetu wengi wamehamia Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na miongoni mwa watoto wao wapo wanaohusika na jambo hili. Mchungaji aweza kupigiwa simu usiku na kijana anayesema amealikwa katika kikundi cha namna hii naye anaogopa, au na mama aliyesikia kwamba mwanawe amejiunga nacho. Mchungaji akijibu kwa uvumi aweza kumzuia mtu asifike mahali ambapo angepimwa na kupewa dawa. Twapendekeza amsaidie anayeuliza kwa maswali haya:

(a) Je, kikundi hutunza siri? Kikundi chema hukubaliana tangu mwanzo kwamba yanayosemwa ndani hayatoki nje.

(b) Je, mtu huruhusiwa kukaa kimya? Asilazimishwe kusimulia maisha yake, wala kutaja jina lake kamili.

(c) Ni nani anayeongoza? Yafaa awe mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na ambaye wanakikundi humwona kuwa mwenzao.

(d) Je, kikundi kina uhusiano na kliniki inayopima na kutibu? Faraja bila kipimo haitoshi.

(e) Je, kuna kukutana tena baada ya warsha kwisha? Kwa sababu tulizozieleza, swali hili ni la maana sana.

(f) Aliyeambukizwa hupokelewaje? Kikundi kinachomkaribisha mzima na kumwepuka mgonjwa kimesahau sababu ya kuwapo kwake.

Hitimisho

Tumeona kwamba vikundi hivi vilianza kwa simu moja nyumbani kwa mtu, kwa sahani iliyohitaji kuingizwa chumbani, na kwa sebule ambamo watu walithubutu kusema ukweli. Mafundisho ya afya yalizaa pale yalipopandwa katika utunzaji, na yalipotolewa bila huo hata bidii ya wataalamu haikutosha. Sisi tunaowatayarisha wachungaji hutumia saa nyingi kuwafundisha namna ya kusema, na saa chache kuwafundisha namna ya kuketi na watu mpaka wao wenyewe waseme. Wanafunzi wetu watakaokwenda sharikani mwaka huu watakutana na watu wanaoficha ugonjwa, wengine kwa sababu hii, wengine kwa nyingine. Watu hao watapima kwanza kama mchungaji huyu ni mtu wa kuambiwa. Wakiona siye, watanyamaza, na wengine watakufa wakiwa wamenyamaza, ingawa dawa ipo.